Mkeka Ulioishia Magotini

Kemilembe anakaa kando ya kinamasi. Nyumbani wote humwita Kemi. Jina refu linachelewesha chakula.

Kinamasi ni maji na matope. Ndani yake yamesimama mafunjo. Ni marefu kumpita Baba, na nywele zao zimetimka.

Vyura nao wapo. Usiniulize ni wangapi. Jioni huimba:

*Kwa, kwa, kwaa.*
*Maji yapo, nasi tupo.*

Bibi anamsukia Kemi mkeka wa mafunjo. Utakuwa wake peke yake, wa kulalia.

Kila jioni Bibi husema, "Njoo ulale, nikupime."

Kemi hulala chali. Juzi mkeka ulifika mgongoni. Jana ulifika kiunoni. Leo umefika magotini.

"Bado miguu," asema Bibi.

Bibi hukata mafunjo machache tu. Mizizi haigusi. Mizizi ikibaki, mafunjo huota tena.

Siku moja Baba akachukua jembe. Alitaka kulima kabichi.

"Matope haya yamekaa bure," akasema.

Akachimba mfereji mrefu, hadi mtoni. Chururu, chururu, chururu. Maji yakaondoka.

Baba akapanda kabichi zake. Alifurahi sana, akawa anapiga mluzi mpaka mbuzi wakachoka.

Siku zikapita. Mafunjo yakageuka ya njano. Bibi akakunja moja. Kacha. Likavunjika.

Akakunja jingine. Kacha.

"Haya hayasukiki," akasema Bibi. Akauweka mkeka pembeni.

Jioni ile Kemi akalala kwenye mkeka wake mfupi. Miguu ikabaki sakafuni. Sakafu ilikuwa baridi.

Akasubiri vyura. Kimya.

Akasubiri tena. Kimya.

Kemi akaona huzuni. Akalia kidogo, akajifuta kwa kiganja.

Asubuhi Baba akaenda kumwagilia kabichi. Kemi akamfuata. Kabichi zilikuwa zimelegea, zimelala chini.

Baba akachovya ndoo kwenye kidimbwi cha kinamasini. Gwara. Ndoo ikagonga udongo mkavu.

"Maji yamekwenda wapi?" akauliza Baba.

"Yameondoka, Baba," akasema Kemi. "Wewe uliyafungulia mlango."

Baba akautazama mfereji. Akazitazama kabichi. Akakuna kichwa.

"Na mkeka wangu umeishia magotini," akasema Kemi. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Baba akachuchumaa, akamshika mkono.

"Basi, mwanangu, tuufunge mlango."

Baba akakata mabonge ya udongo, akayatupa mferejini. Bwabu. Bwabu.

Kemi akayakanyaga. Pata, pata, pata.

Bibi naye akavua kandambili, akaja kukanyaga. Pata, pata, pata. Bibi huyo, usimwone hivi.

Mvua ikanyesha. Maji yakaja, yakakuta mlango umefungwa. Yakakaa.

Baba akahamisha kabichi zake, akazipanda juu, karibu na nyumba. Sasa huchota maji kinamasini kwa ndoo. Wiki nzima hakupiga mluzi. Halafu akaanza tena, na mbuzi wakakimbia.

Mafunjo mapya yakaota, yakarefuka. Bibi akakata machache. Akakunja moja.

Halikuvunjika.

Bibi akasuka, akasuka. Jioni moja akasema, "Njoo ulale, nikupime. Miguu ioshwe kwanza."

Kemi akaosha miguu, akalala chali.

Mkeka ukapita magoti. Ukapita visigino. Mbele ya vidole bado kikabaki kipande.

"Bibi, umezidisha."

"Sijazidisha. Hapo ni pa mwakani, ukirefuka."

"Na nikirefuka tena?"

"Tutakata mafunjo mengine," akasema Bibi. "Yatakuwepo."

Baba akamfunika Kemi shuka. Kemi akanyoosha miguu yote miwili juu ya mkeka wake. Huko nje, kinamasini, mmoja akaanza. Wenzake wakaitikia:

*Kwa, kwa, kwaa.*
*Maji yapo, nasi tupo.*

"Na mimi nipo," akasema Kemi. Akalala.