Nusu Kaputi ya Saturnina Choque

Giza lilikuwa linaingia Potosí, mji wa migodi huko Bolivia. Daktari wa nusu kaputi, Ramiro Calvimontes, alikuwa anavuka uwanja kwenda kununua api, uji mwepesi wa mahindi, wa moto, simu ikamrudisha hospitalini. Mjamzito mwenye kifafa cha mimba. Apasuliwe sasa hivi.

"Hawa wa vijijini," alinung'unika. "Wanazaa kama kondoo, sisi ndio tunalala njaa."

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji, shangazi wa mgonjwa alimshika mkono.

"Baba daktari, usimwache Saturnina njia panda. Roho ikishtuka hutoka. Ikitoka, kuna wanaongoja kuingia."

"Mama, mimi nina nusu kaputi, sina tunguri. Kaa pale utafune majani yako ya koka."

Akamlaza Saturnina. Akampa dawa ya usingizi, akampa ya kulegeza mwili, akamtia mpira wa kupumulia kooni. Nesi Basilia akabandika kwenye paji la uso ule utepe unaopima ubongo umelala kiasi gani. Namba ikiwa hamsini, mtu kalala. Ikipanda sana, anaamka... ndani ya mwili usioweza kuinua hata kope.

Kisu cha mpasuaji kikaingia.

Namba ikapanda. Sitini na tano. Themanini. Mashine ikaanza kulia.

"Dokta, ongeza dawa," Basilia alinong'ona.

"Ili mtoto naye atoke amelala fofofo? Mashine inapiga porojo. Mwone, kalala kama gogo." Akaizima sauti. "Na hata akisikia, atamweleza nani? Kondoo wenzake?"

Hakuna aliyecheka. Mpasuaji aliendelea kukata.

Ndipo ikaja harufu. Si ya dawa, wala si ya damu. Harufu ya mgodini, ya udongo usiowahi kuona jua.

Mtu akapumua shingoni mwa Calvimontes.

"Nasikia, dokta..."

Sauti ya mwanamke. Akageuka.

Ukuta mtupu.

Akamtazama Saturnina. Mpira uko kinywani. Macho yamefungwa kwa plasta. Lakini chozi lilikuwa limepenya chini ya plasta, linateremka polepole kuelekea sikioni.

Mkono wa daktari ukakimbilia dawa. Namba ikashuka. Mtoto akatolewa, akalia. Calvimontes hakumwambia mtu alichosikia.

Asubuhi aliingia wodini kifua mbele. Shangazi alikuwa kando ya kitanda cha Saturnina amempakata mtoto.

"Ulilala vizuri, mama?"

Saturnina alimtazama kama mtu anavyotazama uchafu alioukanyaga.

"Nilisikia kisu. Na habari za kondoo nilizisikia pia."

"Ulikuwa unaota."

"Maumivu yalinitoa. Nikasimama nyuma yako, nikakusemesha. Nilipotaka kurudi nikakuta kuna mwingine ananyemelea mwili wangu. Anatetemeka kwa baridi, maskini." Akashusha sauti. "Nikamwambia, hapa pana mwenyewe. Nenda kwa yule anayejiona. Yeye ndani hamna mtu."

"Ushamba," alisema Calvimontes. "Ushamba mtupu." Akafungua kinywa amcheke.

Kicheko kikatoka.

Kilikuwa chembamba, cha mwanamke, cha mtu aliyekaa baridini muda mrefu. Kikaendelea kutoka hata baada ya yeye kuziba kinywa kwa mikono miwili.

Shangazi akavuta shuka, akamfunika mtoto uso.