Jogoo na Gurudumu la Titani

Siku ya soko la Lubao, Ayuma alijipenyeza kati ya wauzaji na wanunuzi, gauni lake la kitenge cha samawati limepigwa pasi, na jogoo mwekundu amembana kwapani. Jogoo huyo alikuwa amemlisha ili awachinjie wazee wa mchumba wake, Protus, watakapokuja kwao Shianda Jumamosi kumposa. Juzi Protus alikuwa amepiga simu: "Mpenzi, tuahirishe kidogo." Basi, leo jogoo anauzwa.

Kabla hajapata mnunuzi, alikutana uso kwa uso na Protus mwenyewe, ndani ya shati lake jeupe la urubani.

"Kumbe uko hapa!" Protus alifoka bila hata salamu. "Umenikatalia gurudumu la injini kwa sababu ya posa?"

Ayuma alikuwa mkaguzi katika karakana ya ndege mjini Kakamega. Kazi yake ilikuwa kupitisha ndani ya vipuri vya titani, metali nyepesi na ngumu, mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio. Penye dosari, sauti hurudi mapema. Jana alikuwa amelikataa gurudumu linaloshika mapanga ya injini katika ndege ya Protus.

"Lina ufa ndani."

"Mwenzako alilipima, hakuona kitu! Hicho ni kisasi cha mwanamke aliyeachwa njia panda."

Wauza kuku wakaangua kicheko. Mama Jescah, mkongwe wao, akadakia: "Binti yangu, uza wote wawili. Jogoo ndiye atakayepata bei!"

Ayuma hakucheka. "Twende karakana. Sasa hivi."

Huko alilipaka gurudumu jeli, akamkabidhi Protus kipima. "Anza mbele."

Mstari kwenye kioo cha mashine ulitulia. Protus akatabasamu.

"Mwenzangu naye aliishia hapo akaridhika. Ufa huu umeielekea sauti kama kisu kinachokutazama kwa makali yake, huuoni. Sasa pitia ubavuni."

Mstari ukaruka kwenye kioo. Protus akarudia. Ukaruka tena.

"Ungepaa Jumamosi na abiria wako," Ayuma alisema, "na jogoo wangu angeliwa matangani kwako."

"Ayuma wangu... safari hiyo ndiyo iliyonifanya niahirishe. Niliogopa kuikataa nikafutwa kazi."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa hasira zako."

"Hujaziona bado!"

"Nisamehe, mpenzi."

"Hapa? Matusi uliyamwaga Lubao. Kayazoe huko huko."

Siku ya soko iliyofuata, Protus alisimama katikati ya matenga ya kuku. "Jamani, Ayuma alisema kweli! Mimi ndiye niliyekosa!"

"Paza sauti, rubani!" Mama Jescah akamchokoza. "Kuku wa nyuma hawajasikia!"

Protus akarudia. Ayuma, uso ungali umekunjamana, akamwacha arudie tena.

"Na jogoo," Protus alinong'ona hatimaye, "ulimuuza?"

"Yupo. Waambie wazee wako waje Jumamosi na njaa zao. Firigisi, kipande cha heshima, ni ya baba yangu. Wewe utakula shingo."