Upepo Usoni mwa Vukosav

Ndugu zangu wa mtaa huu, ninyi mnaofunga madirisha hata mwezi wa Agosti kwenye joto kali, sikilizeni yaliyompata jirani yangu Vukosav. Mkono wangu umo pia.

Kila mchana, akishashiba supu ya maharage, alijilaza sebuleni na barakoa puani. Moyo wake ulikuwa umechoka, na kila akilala pumzi ilikuwa ikikatika. Hospitali walimpa mashine ndogo ya kumpulizia hewa kwa bomba hadi kwenye barakoa hiyo, aivae kila alalapo. Aliivaa bila kukosa. Lakini kila wiki miguu ilizidi kuvimba, viatu vikamkataa, na ngazi tatu za mlangoni akawa anazipanda kwa vituo viwili.

Tulichanganyikiwa sote. Mkewe, Radojka, alilia. Mimi nilisema labda mashine imechoka kuliko mgonjwa.

Sasa, mnajua tunavyouogopa upepo unaopita kati ya dirisha na mlango. Babu yangu ulimpiga mara moja tu, shingo ikageuka, akatembea hadi mavuno akitazama alikotoka. Hayo nilimsimulia Radojka siku mashine ilipoletwa, nikaongeza kwamba wa bomba ni upepo uleule, ila huu unaingia puani moja kwa moja. Nilikuwa natania. Nusu.

Hali ilipozidi, niliwapeleka hospitali kwa gari langu. Daktari Ljubinka alichomoa kadi ndogo inayorekodi matumizi ya mashine, akaisoma, akakunja uso.

“Mzee wangu, hii unaitumia dakika kumi na mbili kwa siku.”

“Binti yangu, nalala nayo, naamka nayo. Hicho kikadi kinanisingizia.”

“Hakina ugomvi na wewe.”

“Basi ni cha mtu mwingine. Naweza kusahau miwani, siwezi kusahau pua.”

Kadi ikasomwa tena, jibu likawa lilelile. Vukosav akanigeukia, akaniuliza taratibu kama akili zimeanza kumtoka.

Radojka alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya.

“Namvua mimi,” alisema. “Akishapitiwa na usingizi namvua, namfunga skafu. Kabla hajaamka namrudishia. Mtu apulizwe upepo usoni akiwa amelala, si atakufa?”

Nilitazama viatu vyangu.

“Mama,” daktari alisema, “hewa hiyo ndiyo inayomwachia njia ya pumzi wazi. Ukiivua, pumzi inakatika, damu inakosa hewa, na moyo uliochoka unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana miguu inajaa maji.”

“Miaka arobaini namkinga na upepo. Kumbe nilikuwa namkaba?”

Vukosav alimshika mkono. “Ungenikaba zamani, nilipokuwa nakoroma bila sababu.”

Walimlaza siku kumi na moja. Maji yalipungua, viatu vikamkubali, ila moyo haukurudi ulipokuwa. Ngazi bado anazipanda kwa kituo kimoja. Radojka humvalisha barakoa mwenyewe, kisha huenda jikoni na kufunga mlango, kwa sababu kutazama bado hawezi.

Funzo

Mtu wako akipewa tiba usiyoielewa, muulize aliyeitoa. Usiitengue kimyakimya, hata kwa mapenzi. Na ninyi wenye midomo kama yangu, mkimwona mtu ana hofu juu ya ampendaye, msimwongezee hadithi. Ataiamini yote.