Uji Ulioletwa kwa Jina la Mama Sikuzani

Kulipopambazuka tu, Merveille alikuwa ameshafagia chumba, ameteka maji na kuosha vikombe. Mama yake, Vestine, alikaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, mguu wenye kidonda ameunyoosha pembeni, akikoroga uji wa mahindi na soya. Ulipoiva, waliumimina kwenye ndoo yenye kifuniko, wakaizungushia kitenge usipoe, na Merveille akajitwika kuelekea ufukweni.

Walikuwa wageni mjini Rumonge. Vita vya kwao Kivu viliwavusha ziwa, wakaja kukuta vita vingine Burundi. Mjini palikuwa na utulivu siku nyingi, lakini barabara ya Bujumbura haikuaminika, na kila mgeni alitazamwa mara mbili. Kaka yake Vestine, Cirhuza, aliyekaa Kabezi, karibu na Bujumbura, alikuwa ametuma ujumbe: Jumamosi atakuja kumchukua Merveille, maana dada yake hawezi kumlisha. Merveille aliiogopa ile barabara, tena aliogopa Kabezi kwenyewe, ambako risasi zilisikika karibu kila wiki. Lakini zaidi ya yote aliogopa kumwacha mama peke yake na mguu ule.

"Uji ukiuzika, nitamwambia mjomba wako tunajiweza," mama alimwahidi. "Usipouzika, nitamjibu nini?"

Na uji haukuuzika. Ufukweni walikuwapo wanawake wengi, wakianika ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani, na wote walikuwa na njaa ya asubuhi. Merveille aliwavamia bila hata salamu. "Uji! Uji wa moto! Nunueni uji!" Alimsogezea huyu kikombe mpaka puani, akamkimbilia yule, akarudi tena kwa wa kwanza. Bidii alikuwa nayo, tena hadi ikawa kero. Siku tatu mfululizo alirudi na ndoo imejaa, na mama na mwana wakanywa uji asubuhi, mchana na jioni mpaka wakaukinai.

Jumatatu Merveille akapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa baya. Alikuwa ameona jinsi wanawake wote walivyomheshimu Mama Sikuzani, aliyeanika ndagala pale tangu Merveille hajazaliwa. Akaenda mwisho kabisa wa ufukwe, alikokuwa Mariyamu, mke wa mvuvi Asmani, na mtoto wake mchanga mgongoni.

"Mama, huu ni uji wa Mama Sikuzani," alisema. "Amenituma niuuze."

Uso wa Mariyamu ukalainika. Akanyoosha mkono, kisha akausimamisha. "Vizuri. Onja kwanza."

Pale Rumonge, anayekupa kinywaji hukionja mbele yako, ujue hakuna kibaya ndani yake. Wakati wa vita hakuna aliyethubutu kuisahau desturi hiyo. Merveille, masikini, alikuwa amefundishwa na mama yake kwamba mtoto hanywi mbele ya wakubwa ambao bado hawajapata. Akarudi nyuma hatua moja.

"Hapana, mama. Mimi siwezi kunywa."

Lo! Afadhali angekaa kimya. Mariyamu alipiga kelele hata ufukwe mzima ukageuka. "Sikuzani! Njoo uone! Uji wako, mutoto anaogopa kuunywa!"

"Uji wangu?" Mama Sikuzani alikuja akipangusa magamba mikononi. "Mimi nimepika uji lini?"

Wanawake wakawazunguka. Mmoja akasema huyo mtoto apelekwe kwa askari. Merveille machozi yakamtoka.

"Nimedanganya," alisema. "Uji ni wa mama yangu. Nimetumia jina lako kwa sababu la kwangu hakuna anayelijua hapa. Na sikuonja kwa sababu mama alinikataza kunywa mbele ya wakubwa."

Mama Sikuzani alijaza kikombe, akampa. "Kunywa."

Merveille akanywa chote, uji mwingine ukimwagika kidevuni. Walingoja. Hakuna kilichotokea. Mariyamu akacheka, nusu kwa hasira, nusu kwa nafuu. "Eh, adabu yenu hiyo itakuua!"

"Sisi hatununui," alisema Mama Sikuzani. "Kesho ndoo ibaki nyumbani. Wewe njoo na mikono tu."

Merveille alirudi akilia. Jumamosi ilikuwa inakaribia, naye aende ufukweni bila uji! Lakini mama aliposikia habari yote, hakumbembeleza. "Nenda. Umechezea jina la mtu mzima. Kamwombe radhi kwa kazi."

Jumanne na Jumatano Merveille aligeuza ndagala juani na kufukuza kunguru. Alijifunza kumwamkia kila mmoja "Mwaramutse", salamu yao ya asubuhi, kabla ya neno lingine lolote. Aliulizwa anaishi wapi, akajibu ni nyuma ya kinu cha mawese; akaulizwa habari za mguu wa mama, akaeleza. Naye akajua kwamba mtoto wa Mariyamu ana kikohozi, na kwamba Mama Sikuzani hupenda utani kuliko chakula.

Alhamisi mitumbwi ilichelewa. Milio ya risasi ilikuwa imesikika upande wa Kigwena, kando ya ziwa hilo hilo, na wanawake walikaa mchangani wakitazama ziwa. Merveille alimpokea Mariyamu mtoto, akambeba asubuhi nzima. Jua lilikuwa limeshapanda sana ndipo mitumbwi ilipoonekana, na Asmani alikuwa amesimama kwenye wa pili. Ufukwe mzima ulilia na kucheka kwa pamoja, Merveille naye akilia kama vile ni baba yake aliyerudi.

Mariyamu alijifuta macho. "Mama yako amepika leo?"

"Amepika, lakini ndoo iko nyumbani."

"Kimbia basi! Tunakufa na njaa!"

Merveille alikimbia. Aliporudi, alionja kwanza bila kuambiwa, kisha akampa Mariyamu kikombe kwa mikono miwili. Ndoo ilikauka kabla wavuvi hawajamaliza kushusha samaki. Ijumaa ikawa hivyo hivyo.

Cirhuza alipofika Jumamosi, alimkuta dada yake akikoroga sufuria ya pili, na Mama Sikuzani amekuja kumwona mgonjwa.

"Mutoto huyu umuache kwetu," Mama Sikuzani alimwambia. "Tumemzoea."

Cirhuza alishusha pumzi ndefu. "Kusema kweli, njia nzima nilikuwa nawaza nitampitishaje kwenye barabara ile. Murakoze, asante sana, mama." Vestine alifunika uso kwa kitenge, akacheka huku machozi yakimtoka.

Mama Sikuzani akamgeukia Merveille. "Siku ya kwanza ulitaka tununue hata hujatusalimu. Ulipoona imeshindikana, ukachukua jina langu, likakuletea aibu. Mtu akitaka kuuza, kwanza akae na watu, awajue, nao wamjue, tena kwa ukweli. Sasa una jina lako. Usilichafue."

"Sitalichafua, mama," alisema Merveille.

Akamsindikiza mjomba hadi kwenye gari, akasimama mpaka lilipopotea njiani, kisha akarudi nyumbani kwa mama yake.