Mashine Iliyouliza "Utakuja?"

Kila siku saa tatu asubuhi, kwenye lango la soko la Morogoro, mashine iitwayo Mpimania ilifumbua jicho lake la samawati na kuwauliza watu swali moja tu: "Ukipata kiti leo, utakuja?"

Mtu aliweka kiganja juu ya kioo, akajibu, akangoja. Waliobahatika waliondoka na tiketi ya punguzo ya Ukumbi wa Ukungu, kwa bei ya kikombe cha chai. Ilikuwa bahati nasibu, ila bahati nasibu yenye masikio. Ukumbi ule haukuwa na paa. Kila alasiri ukungu ulishuka kutoka milima ya Uluguru, ukatua jukwaani taratibu, na ndani yake wakatembea waigizaji-nuru: watu waliokwisha kufa, waliofumwa upya kwa mwanga kutoka kwenye kanda zao za zamani. Pumzi za watazamaji ndizo zilizoushikilia ukungu usitawanyike. Kiti kimoja kikibaki kitupu, mwigizaji alipoteza bega, au nusu ya uso. Ndiyo maana Mpimania ilipima kila jibu, ikawaondoa wenye shaka kabla ya kuchezesha bahati.

Mhandisi Semeni Kunambi ndiye aliyeiunda, na aliionea fahari mno. Fahari hiyo ilimwishia Ijumaa moja, alipofungua orodha ya walioondolewa akakuta jina la baba yake mara arobaini na moja.

Alikwenda nyumbani kwa mzee moja kwa moja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona saa hizi? Kazini hawakuhitaji?"

"Baba, kumbe unacheza bahati nasibu yangu kimyakimya."

Mzee Kunambi akacheka kwa haya. "Nyie mmekatazwa kuwapa ndugu zenu tiketi. Ningekwambia, ningekutia majaribuni. Na kiti cha bei kamili si cha mstaafu. Nilitaka tu nimwone mama yako kabla hawajauondoa mchezo wake jukwaani Jumapili."

Mama yake Semeni alikuwa mwigizaji. Alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja iliyopita.

"Mashine ikikuuliza kama utakuja, unaijibuje?"

"Kama mtu aliyelelewa. Naiambia, Mungu akipenda."

Semeni akashika kichwa. Ni yeye aliyeifundisha Mpimania kwamba "labda", "nitajaribu" na "Mungu akipenda" ni chungu kimoja cha shaka. Mashine haikubisha, ikawa inawatupa nje wazee wa mji mzima kwa kosa la kuwa na adabu.

"Kuifundisha upya ni kazi ya mwezi," alisema. "Kesho jibu 'ndiyo' tu, baba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Yaani niiahidi alasiri ambayo si yangu?"

"Kwa ajili ya mama."

Jumamosi mzee aliweka kiganja juu ya kioo, akasema, "Ndiyo, nitakuja." Bahati ikamwangukia siku hiyohiyo. Akaikunja tiketi mara nne, akaitia mfukoni na kwenda zake bila kuagana na mtu.

Alasiri, ukumbini, Semeni alikaa pembeni ya baba yake kwenye kigoda cha mafundi. Ukungu ukashuka, mweupe, wenye harufu ya majani mabichi. Mama akatokea ndani yake, peku, kwa gauni la kijani, sauti ikiwa ileile yenye kukwaruza kidogo. Mzee akamkamata mwanawe kifundo cha mkono. Kwa saa nzima alilia na kucheka, na Semeni akafurahi pamoja naye.

Mwishoni mama alisogea mbele ya jukwaa kuwaaga watazamaji, kama alivyofanya enzi zake zote.

"Kwaherini. Tutaonana kesho."

Mzee akangoja, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza. Kisha mkono wake ukalegea.

"Amemaliza?"

"Amemaliza, baba."

"Basi huyu si mama yako," alisema kwa upole. "Huyu anaongea kama mtu asiyejua kuwa kuna kufa."

Mama hakuwahi kuiahidi kesho bila kumtaja Mungu, hata jukwaani. Mwaka uliopita wafumaji wa nuru walikuwa wamemwomba Semeni chekeche la Mpimania, lile la kunasa maneno ya shaka, ili wayaondoe kwenye kanda zao, naye aliwapa kwa furaha.

Alitaka kumwambia baba yake ni nani aliyemkatia mama "Mungu akipenda" yake. Akafungua mdomo, akasema tu, "Kesho nitakuja kukuona, baba, Mungu akipenda."