Kijiti cha Kabatini

Msioniamini, kamuulizeni Jeannine mwenyewe, rafiki yangu wa Bukavu, mlinzi wa jumba moja dogo la makumbusho hapa mtaa wa Marshalltown.

Mchana mmoja wa 2019 alifuata kiti chake kwenye chumba cha maonyesho ya India ya kale, kisicho na dirisha. Kabatini, nyuma ya kioo, kuna kijiti. Watu walioitwa najisi walilazimishwa kugongagonga kijiti kama hicho wakiingia mjini, ili wengine wawakwepe.

Eish, umeme ukakatika. Gizani akasikia mlio, ko, ko, ko, ukimjia.

Hakusogea. "Mimi simkwepi mtu!" alifoka. "Kwetu tunasalimiana kwa mkono. Lete wako!"

Akanyoosha mkono. Mlio ukakoma.

Umeme uliporudi, kabati lilikuwa bado limefungwa kwa kufuli lake. Kijiti kilikuwa kiganjani mwake, kina joto la mkono wa mtu mwingine.