Kitambaa cha Mikono Miwili

Saa kumi na moja alfajiri, kabla majogoo wa kijiji cha Khwisero hawajakubaliana nani aanze kuwika, Christine alikuwa amekwisha kufunga viatu. Shantel, mdogo wake, alimsikia kutoka kitandani akitafuta kitana na kupiga miayo mirefu, kisha mlango ukafungwa polepole.

Ndivyo siku zilivyoanza nyumbani kwao tangu Christine apelekwe kufanya mazoezi katika hospitali moja mjini Kakamega. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea tiba ya kazi, yaani kuwafundisha watu waliopooza au kuvunjika viungo kushika tena kijiko, kufunga vifungo na kuchota maji wenyewe. Mama, ambaye hakuwa na subira na majina marefu, alisema tu kwamba binti yake ni daktari wa mikono. Daktari mwenyewe alirudi kila siku saa moja jioni, miguu imevimba na macho yamemwingia ndani.

"Mwanangu, unachokanga mpaka unanitisha," Mama alimwambia akimpakulia obusuma, ugali wa kwao, na mboga ya mrenda.

"Ni wiki sita tu, Mama," Christine alijibu, na kabla ya tonge la tatu alikuwa anasinzia.

Kana kwamba uchovu huo haukutosha, mwalimu wake, Madam Khalayi, alimtaka kila mwanafunzi ajifunze ufundi wa mikono asioujua kabisa. Christine alichagua kufuma kitambaa cha meza kwa sindano ya kulabu. Maskini! Aliishika sindano kwa mkono wa kushoto, maana ndio mkono wake wa kazi, na uzi ukamfunga vidole badala ya yeye kuufunga uzi. Kila jioni alifuma mzunguko mmoja kwa shida, akaandika maneno machache daftarini, akalala.

"Hiki ni kitambaa ama ni chujio la chai?" Mama alimtania jioni moja.

Christine alicheka kicheko cha mtu aliyechoka, akakikunja kitambaa na kukirudisha kapuni.

Shantel alikuwa gredi ya saba, na kufuma alikujua vizuri. Alifundishwa shuleni, na vitambaa vyake viwili vilikuwa vimetandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Kumwona dada yake akihangaika na uzi kulimuuma kweli, maana ni dada huyo aliyemfundisha kusoma kabla hajaingia darasa lolote. Siku moja alipotoka shule alikuta Mama bado yuko shambani. Akakitoa kitambaa kapuni, akakitazama. Katika mzunguko wa tano Christine alikuwa ameruka vitundu viwili, na kosa hilo lilikuwa limekivuta kitambaa chote upande. Shantel akaifumua mizunguko iliyoharibika, akaifuma upya kwa mkono wake wa kulia, haraka na safi. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuchambua mboga.

Jioni Christine alikigeuzageuza kitambaa. "Hee! Leo naona kimekaa vizuri."

"Umeanza kuzoea, Da," Shantel alisema.

Huo ulikuwa uwongo wa kwanza. Ulikuwa mdogo na mtamu, kwa hiyo uliofuata haukumpa taabu.

Kwa wiki mbili Shantel alirekebisha kila alasiri kile ambacho Christine alikuwa amekosea jana yake. Christine akachangamka. Alianza hata kuimba akioga, jambo ambalo halikuwa limesikika nyumbani humo tangu mazoezi yaanze. "Kumbe mikono yangu si mibaya," alimwambia Mama. Shantel alijiona amefanya jambo kubwa. Wema hauozi, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba wema hauwezi kumtia mtu taabani.

Jumatano ya wiki ya nne Christine alikipeleka kitambaa kikaguliwe. Jioni alirudi, akaketi bila kuvua viatu.

"Madam Khalayi amesema hii kazi si yangu," alisema.

"Si yako vipi, na mimi nakuonanga hapo ukiifuma?" Mama aliuliza.

"Alituambia tangu mwanzo tusifumue kosa hata moja. Kila kosa tuliandike daftarini, tueleze ni kidole gani kilishindwa na tulichoka baada ya muda gani. Hiyo ndiyo njia ya kujua mgonjwa anavyosikia akijifunza kitu kigumu. Sasa daftari langu linasema niliruka vitundu viwili katika mzunguko wa tano, na kwenye kitambaa hakuna kilichorukwa. Tena amenionyesha mishono yenyewe. Mingine imefumwa kwa mkono wa kushoto, mingine kwa mkono wa kulia. Imelala pande mbili." Christine alisugua macho. "Nisipoeleza kufikia Ijumaa, nitarudia mazoezi yote kutoka mwanzo. Mama, sina hizo nguvu."

Kisha akamgeukia mdogo wake. "Shantel, ulikigusa?"

Shantel alitaka kusema ndiyo. "Hapana, Da."

Christine alimwamini, na hilo ndilo lililomuumiza Shantel zaidi kuliko kama angempiga. "Basi nimechanganyikiwa mimi," alisema. "Labda nilikuwa nafuma huku nimelala." Akaenda kulala bila kula.

Shantel alitoka nje akaosha sufuria. Akaiosha mara ya pili, na ya tatu, mpaka Mama akamuuliza kama anataka kuitoboa. Kesho yake darasani hakusikia hata neno moja la somo. Uwongo ule mtamu sasa ulikuwa umegeuka mchungu.

Alfajiri ya Ijumaa aliamka kabla ya dada yake. Alimkuta sebuleni akifunga viatu.

"Da, ni mimi," alisema, na machozi yakamtangulia. "Nilikuwa nafumua makosa yako nikitoka shule. Nilikuonea huruma."

Christine hakupiga kelele. Aliziachia kamba za kiatu, akasema, "Nilikuwa nimefurahi, Shantel. Nilifikiri ni mikono yangu."

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na kusikia yote, alisema, "Vaa nguo. Utaenda na dada yako umwambie mwalimu wake kwa kinywa chako. Mimi nitapita shuleni kuwaeleza."

Madam Khalayi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza, kisha akawapeleka katika chumba cha mazoezi. Humo alikuwamo Mzee Elkanah, aliyepooza upande wa kulia, akijaribu kufunga kifungo cha shati kwa mkono wa upande huo. Kando yake aliketi mkewe, amekalia mikono yake yote miwili.

Kifungo kiliteleza. Kikateleza tena. Jasho lilimtoka mzee kipajini, na mkono wake ukatetemeka. Kilipoteleza mara ya tano, Shantel alijikuta amesimama ili akamsaidie. Madam Khalayi akamshika bega.

"Muache."

"Lakini anateseka, Madam!"

"Anafanya kazi. Unamwona mke wake?"

"Ndiyo. Mbona amekalia mikono?"

"Mimi ndiye niliyemwambia aikalie. Kwa miezi minne alimvalisha mzee shati kila asubuhi, kwa upendo mwingi sana, na kwa miezi minne ule mkono haukupata kazi yoyote. Sasa anajifunza kumpenda kwa njia iliyo ngumu zaidi."

Walikaa. Shantel hakujua kwamba kutazama tu kunaweza kumchosha mtu hivyo. Hatimaye kifungo kikaingia tunduni, na Mzee Elkanah akaguta, "Kimeingia! Mama Wanzala, umekiona?" Mkewe akatoa mikono aliyoikalia, akajifuta machozi.

Madam Khalayi aliwageukia. "Christine, hukudanganya, lakini hukuikagua kazi yako mwenyewe. Uchovu naujua, na mgonjwa hatakusamehe kwa sababu yake. Utaanza kitambaa kipya. Nakupa wiki mbili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Kisha akamtazama Shantel. "Na wewe una moyo mzuri. Lakini kosa la mtu ni mali yake, ndilo analojifunzia. Ulipomfichia makosa yake, ulimnyang'anya somo, na ulipomdanganya, ulimnyang'anya ukweli. Siku nyingine muulize kwanza, 'Nikusaidie?' Akikataa, kaa."

Wiki mbili zile zilikuwa ndefu. Christine alirudi akiwa amechoka vilevile, akafuma, akakosea, akaandika. Shantel alimwona akiruka kitundu, akatoka nje kwenda kutazama kuku.

Kitambaa kipya kilikuwa kimepinda, upande mmoja mrefu kama ulimi wa ng'ombe. Madam Khalayi alikilinganisha na daftari, kosa kwa kosa, akampa Christine alama za kupita na kumwambia kwamba sasa anaweza kumfundisha mgonjwa.

Jumapili wageni walipotarajiwa, Mama alikitandika hicho kilichopinda juu ya meza ya sebuleni. Shantel akakitoa kile cha kwanza kapuni.

"Mama, si tutandike hiki kizuri? Hicho watu watakicheka."

"Wakicheka, wacheke. Wageni wakiniuliza hicho kizuri ni cha nani, nitawaambia nini? Si chako, si cha dada yako. Hakina mwenyewe. Hiki kilichopinda ni cha Christine, na nitawaambia hivyo bila kuona haya. Kazi mbovu iliyo ya kweli itanyooka siku moja, mwanangu. Ya uwongo haina pa kwenda."

Christine hakuyasikia maneno hayo. Alikuwa amelala kitini, sindano bado iko mkononi. Alikuwa ameanza kitambaa cha tatu, na hicho hakuna aliyemwagiza. Mzunguko wake wa pili ulikuwa na kosa ambalo hata kipofu angeligusa akalijua.

Shantel alimtoa sindano vidoleni taratibu asije akajichoma, akaiweka mezani. Uzi hakuugusa.